MREJESHO: Sauti ya mwimbaji imerudi

Wakuu, shikamooni. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini kile ki-MP3 changu, kifaa cha kuchezea nyimbo, kinatoa ala tupu kwenye hedifoni, mwimbaji anasikika kama yuko kisimani. Tatizo limeisha, ashukuriwe Mungu.

Kumbe nyimbo hazikuwa na kosa. Nilizipakua upya kwa ubora wa juu, kbps 320, hali ikawa ileile. Mmoja wenu alinishauri nibonyeze na kushikilia kitufe cha maiki kwenye waya wa hedifoni. Nilipobonyeza, sauti ikajaa! Nilipoachia, ikapotea.

Nikatazama pini ya hedifoni, ile inayochomekwa kwenye kifaa: ina pete tatu nyeusi, yaani sehemu nne za mguso, ya nne ni ya maiki. Tundu la kifaa changu ni la zamani, la miguso mitatu, kwa hiyo waya wa pamoja wa kurudisha umeme haukushika. Hapo kila sikio hupata tofauti ya kushoto na kulia tu, na sauti ya mwimbaji, ambayo huwa sawa pande zote mbili, hujifuta.

Nimenunua hedifoni za pete mbili, zisizo na maiki. Jana nimesikiliza taarabu hadi usiku wa manane, kila neno nalisikia. Asanteni sana, ndugu zangu.