Mbwa ana dalili za homa ya kupe, hela ni ndogo: nianze na kipimo au sindano?

Mlinzi_Kibada
Wakuu, naombeni msaada. Mbwa dume, German Shepherd, miaka 3, kilo 28. Amenyong'onyea, chakula anakinusa tu, joto 40.3, fizi zimepauka na leo ametokwa damu puani. Kupe walijaa masikioni na katikati ya vidole. Muuza dawa za mifugo anasema achomwe Berenil (dawa ya sindano ya mifugo) leo leo. Kliniki wanataka vipimo kwanza. Hela haitoshi vyote, kipi kitangulie?

Vet_Moro
Pole sana mkuu. Kipimo kitangulie, ila usikubali orodha nzima. Omba viwili: wingi wa damu, na damu ya kwenye kioo iangaliwe kwa darubini. Tone la kioo litolewe ncha ya sikio, maana chembe nyekundu zenye babesia (kijidudu cha kupe kinachovamia damu) hujikusanya kwenye mishipa midogo. Hivyo viwili ndivyo vya bei nafuu na vinajibu mengi. Kama uko Dar, ulizia pia maabara ya serikali ya mifugo, TVLA, Temeke.

Kwa nini nasisitiza: kupe wa mbwa huleta zaidi ya ugonjwa mmoja. Mkojo wa rangi ya kahawa na fizi nyeupe au za njano huelekea babesia. Damu puani na madoa mekundu tumboni huelekea ehlikia, bakteria wa kupe anayeshusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Berenil hutibu babesia, ila haigusi ehlikia kabisa. Utachoma, joto linaweza kushuka lenyewe, utadhani amepona, kumbe ugonjwa unahamia kwenye uboho, ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Ukifika huko, gharama ni za kuongezewa damu, na German Shepherd huumia zaidi kuliko mbwa wengine.

Ikithibitika ehlikia, dawa ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28. Kwa kilo 28 ni kapsuli 3 za miligramu 100, jumla 84. Mwombe daktari akuandikie ununue duka la dawa za binadamu. Ni dawa ileile na mara nyingi bei iko chini. Mpe baada ya chakula, kisha anywe maji, kwa sababu kapsuli ikinasa kooni huchoma na kuacha kidonda. Usiifiche kwenye maziwa. Na usikatishe akichangamka siku ya tatu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kijiji_Kennel
Naongezea kuhusu Berenil. Pakiti ya gramu 2.36 ina gramu 1.05 ya diminazini (dawa yenyewe), yaani dozi ya ng'ombe wa kilo 300. Ukiichanganya ikafika mililita 15, huyo mbwa anahitaji mililita 1.4 tu, mara moja. Anayekadiria kwa macho akavuta mililita 5 amempa zaidi ya mara tatu. Matokeo ni kuyumba, shingo kupinda, degedege, na hakuna dawa ya kuondoa sumu hiyo. Achome mtu aliyempima uzito kwa mizani.

Mlinzi_Kibada
Asanteni mno. Homa ikipanda usiku, nimpe parasetamo au diklofenaki?

Vet_Moro
Usimpe hata moja! Diklofenaki hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa, na huyu tayari anavuja damu. Parasetamo huharibu ini. Mweke kivulini, mloweshe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, au ufizi ukiwa mweupe kama karatasi, mpeleke saa hiyohiyo.

Mama_Bosko
Na banda msilisahau, vinginevyo hela yote inarudi kwa kupe. Kupe huyu wa kahawia hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta, na anakaa miezi bila kula. Choma matandiko, ziba nyufa kwa saruji, nyunyiza dawa mpaka juu kwenye dari, rudia baada ya wiki mbili. Kumwogesha: amitrazi (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 12.5, mililita 2 kwa lita 1 ya maji, usimsuuze, na asijilambe mpaka akauke. Lakini kwa huyu subiri daktari aruhusu; kwa sasa ng'oa kupe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, na vaa glavu.