Dawa ya maji yenye mashapo: nitoe taarifa kwa mamlaka au niirudishe dukani?

Mzazi Makini: Habari zenu, wanajukwaa. Juzi nilinunua dawa ya kikohozi ya mtoto, na nilipoifungua nikakuta mashapo yaliyoganda chini ya chupa, yasiyochanganyika hata baada ya kuitikisa kwa muda mrefu. Tena tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa juu ya tarehe nyingine inayosomeka kwa mbali. Sikumpa. Muuzaji yuko tayari kunirudishia fedha nikimpelekea chupa. Je, yaishe hivyo, au niitaarifu mamlaka ya taifa ya udhibiti wa dawa, ingawa ni chupa moja tu?

Kaunta ya Nyuma: Ndugu, usiirudishe, kwa maana ushahidi utaondoka nayo. Mimi ni mfamasia, na mashapo peke yake yasingenishtua sana, kwani zipo dawa ambazo kwa asili yake hutuama. Kinachonishtua ni hiyo tarehe juu ya tarehe. Piga picha lebo nzima, uifunge chupa na kuiweka mbali na watoto, kisha utoe taarifa ukitaja namba ya toleo, kwa sababu ndiyo inayoiwezesha mamlaka kuzisaka chupa nyingine zilizotengenezwa pamoja na hiyo na kuamuru ziondolewe sokoni.

Nimechoka Kusubiri: Mimi niliwahi kutoa taarifa kama hiyo na sijajibiwa hadi leo. Kama dawa imesajiliwa na kiwanda kimekaguliwa, mzazi ataona nini ambacho wataalamu hawakukiona?

Kaunta ya Nyuma: Kutokujibiwa huko sikutetei. Hata hivyo, usajili hupima nyaraka na sampuli, wala hauoni kila toleo litakalofuata. Nchini Gambia mwaka 2022, watoto zaidi ya 60 walifariki baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi, na mwezi Oktoba Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa na daithilini glaikoli na ethilini glaikoli. Sumu hizo mzazi hawezi kuzitambua kwa macho, ni kazi ya maabara. Lakini maabara nayo haiwezi kupima chupa ambayo haijaifikia.

Mzazi Makini: Nashukuru. Fomu niliyopewa inauliza mtoto alipata madhara gani, nami sikumnywesha. Nijaze nini?

Kaunta ya Nyuma: Hiyo ni ya madhara ya dawa. Omba ile ya dawa zinazotiliwa shaka ubora wake.