Mjadala: Setilaiti ya pili, au vipokezi na watafiti hapa nyumbani?

Mpimaji wa Mbarara (mwanzisha mada)
Wakubwa kwa wadogo, salaam. Novemba 2022 PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliporushwa kutoka Virginia, Marekani, tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Wahandisi wetu watatu, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, waliiunda Japani, kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Tangu hapo, anga za juu zikitajwa tu, watu huuliza ya pili itaruka lini.

Mimi nasema ya pili ingoje. Pesa zianze na vipokezi vya GPS vya kudumu, vya kupimia anga, na mishahara ya watu wanaotabiri dhoruba za jua, yaani jua likilipuka na kuvuruga anga la dunia. Ikweta ya sumaku, mstari wa katikati wa sumaku ya dunia, inapita kaskazini yetu, Ethiopia, na ukanda huu una vurugu zake: jua likizama, ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, hutoboka mapovu makubwa, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutikisika hadi kipokezi kikapoteza mahali pake. Ulaya hawana shida hiyo kwa namna hii. Sasa, utabiri wa siku hizi unafanywa na akili mnemba, nayo hujifunza kutokana na vipimo ilivyolishwa. Vipimo vingi vimetoka Ulaya, Marekani na Japani. Anga letu inalikisia tu.

Tazameni waliojaribu kurekebisha hilo. John Bosco Habarulema, Mganda, mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waliotumia mitandao ya neva, aina ya akili mnemba, kutabiri wingi wa elektroni, yaani hizo chembe za umeme, angani. Lakini anga la nani? La Afrika Kusini, kwa sababu huko kulikuwa na mtandao wa vipokezi. Jean Uwamahoro wa Rwanda alifanya kazi ya aina hiyo kuhusu milipuko ya jua, naye akasomea huko huko. Daniel Okoh wa Nigeria na wenzake walitoa mwaka 2019 modeli ya kukadiria elektroni hizo bara zima, AfriTEC. Vichwa tunavyo. Nipingeni.

Mama Duka, Busia
Ssebo, zahanati yetu inakuandikia dawa kisha inakutuma ukanunue kwangu mtaani. Wewe unataka pesa za kupima jua?

Fundi Umeme, Jinja
Mama, usimcheke. Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme Quebec, Canada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa karibu saa tisa. Mitambo ya bwawa letu la umeme la Karuma, megawati 600, ikiungua, hata friji ya chanjo haitafanya kazi.

Mpimaji wa Mbarara
Fundi, asante kwa kunitetea, ila hapo sikubaliani nawe. Quebec iko juu kaskazini, kwenye miamba isiyopitisha umeme vizuri, karibu na eneo la mianga ya kaskazini (aurora), ile nuru inayocheza angani usiku. Kwetu hatari hiyo ni ndogo zaidi. Tusiwatishe watu kwa giza ili tupate bajeti. Hasara yetu ni GPS na redio za masafa marefu: ndege, upimaji wa mipaka ya viwanja, ramani. Mei 2024, dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda kwa sababu GPS ilipotea. Na Mama Duka, dawa ni dai la kweli, sina jibu la kulizima. Nasema tu kwamba pesa za setilaiti zikishatengwa, kituo cha afya hakizioni hata hivyo.

Mwalimu Mstaafu, Arua
Hii orodha ya wanasayansi Weusi inatusaidia nini, kijana? Jua haliulizi rangi ya mtu.

Mwanafunzi wa Fizikia, Makerere
Mzee wangu, jua haliulizi, lakini anayegawa pesa huuliza. George Carruthers, Mmarekani Mweusi, aliunda kamera ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, iliyopelekwa mwezini na Apollo 16 mwaka 1972, ikapiga picha utando wa hidrojeni unaoizunguka dunia. Septemba 2025 NASA ilirusha chombo chenye jina lake kuutazama utando huo huo. Aliweza kwa sababu alikuwa na maabara ya jeshi la majini na mshahara wa kila mwezi. Hapo niko na Mpimaji.

Ninapopingana naye ni kuiacha setilaiti. Ni kweli, vijisetilaiti vinavyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga havidumu. Jua likichafuka, hewa ya juu hutanuka na kuvivuta chini upesi. Hata Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walipoteza setilaiti takribani 40 kati ya 49 Februari 2022. Lakini wadogo zangu kijijini hawajui ayonosfia. Setilaiti wanaijua.

Mama Duka, Busia
Hicho kipokezi kimoja ni bei gani?

Mpimaji wa Mbarara
Maelfu ya dola, mama. Hata kilicho kizuri hakifikii bei ya gari moja la mkubwa wa wizara.

Mama Duka, Busia
Kumbe! Sasa mbona mnagombana na setilaiti? Gombaneni na gari.

Mwalimu Mstaafu, Arua
Tuseme vimenunuliwa. Mbarara tayari pana kimoja, MBAR, na vipimo vyake vinasomwa dunia nzima. Je, hivyo vipya navyo vipimo vyake vitolewe bure kwa kila mwenye kompyuta kubwa ng'ambo, au wanafunzi wetu wapewe kwanza miezi kadhaa ya kuvifanyia kazi? Mimi sijaona mtu hapa akiligusa hilo.

Mwanafunzi wa Fizikia, Makerere
Bure, mzee. Tukivificha, modeli zao zitaendelea kutukisia.

Mpimaji wa Mbarara
Mwaka mmoja kwetu kwanza. Hapo sikubali hata kidogo.