Mnalia hamna wataalamu wa mionzi, mkishawaleta mnawaweka benchi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mionzi. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa wa saratani kwenye meza ya liniaki, yaani mashine inayotoa mionzi ya kutibu, kumpanga hadi milimita ya mwisho, kulinganisha picha za mkao wake na mpango wa matibabu, kisha kumpa dozi ya siku hiyo. Nimeisomea kazi hii, nina leseni ya nchi niliyosomea, na nilikuwa naifanya kila siku kabla wakala wa ajira hajanitafuta. Hilo naomba lieleweke: yeye ndiye aliyenitafuta. Alikuja na barua ya hospitali, akasema kuna mashine zinalala kwa kukosa watu wa kuziendesha, akasema usajili ni suala la makaratasi tu, utakamilika nikishafika.

Leo niko nchi ya watu, nasukuma vitanda na kuwasaidia wagonjwa kuvaa magauni ya hospitali. Ni idara ileile ya mionzi niliyoitiwa, yenye mashine ninayoijua vizuri, na sina ruhusa hata ya kugusa kitufe. Kwenye korido hiyohiyo wagonjwa wanaambiwa tarehe yao imesogezwa mbele kwa sababu mtaalamu hakuna. Mtaalamu yupo! Ndiye aliyewafungulia mlango.

Kabla hamjanirukia: sipingi mtu kupimwa. Mionzi haibahatishwi. Ukikosea upande wa mwili, ukimchanganya mgonjwa na mwenzake, ukaendelea na dozi wakati mkao umehama, madhara hayafutiki. Nikiwa mgonjwa mimi, ningetaka anayenihudumia awe amepimwa vilivyo. Ninachokipinga ni mpangilio. Mtu anaajiriwa kwanza, anasafirishwa kwanza, anasainishwa deni kwanza, halafu ndipo mamlaka ya usajili inaanza kuuliza alisoma nini. Na jibu likichelewa au likiwa hapana, hasara yote ni yake. Wakala ameshalipwa, na hospitali imeshapata mfanyakazi wa mshahara wa chini ambaye hawezi kuondoka.

Hao waajiri wanajua fika kwamba fani hii haigawanywi namna moja duniani. Uingereza, HCPC, baraza la kusajili wataalamu wa afya, linawasajili radiografa wa uchunguzi (wanaopiga picha za mwili) na radiografa wa tiba. Australia wana makundi matatu: uchunguzi, tiba ya mionzi, na teknolojia ya tiba ya nyuklia. Kanada wana matawi manne, MRI (picha za kutumia sumaku) ikiwa tawi linalojitegemea, na utrasaundi ina mtihani wake pembeni. Sweden tiba ya mionzi hutolewa na wauguzi waliojiendeleza. Sasa mchukue radiografa aliyefundishwa kufanya vyote, eksirei asubuhi, CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) mchana, utrasaundi na MRI siku nyingine, umpeleke mahali ambapo kila kimoja kina mlango wake. Ninayefanya naye kazi hapa yamemkuta hayohayo. Kwao ndiye aliyekuwa akifundisha wanafunzi utrasaundi. Aliahidiwa kazi ya utrasaundi. Amefika akaambiwa sifa zake zinatambulika kwa eksirei tu, na hizo nazo bado zinachunguzwa. Hivi ilikuwa vigumu kiasi gani kwa aliyemwajiri kulijua hilo kabla hajamkatia tiketi? Vigezo vya mabaraza viko wazi, mtu yeyote anaweza kuvisoma.

Halafu njoo kwenye hayo makaratasi tuliyoambiwa ni madogo. Wanataka mtaala wa chuo somo kwa somo, saa za nadharia, saa za vitendo, aina za vipimo ulivyofanya ukiwa mwanafunzi, vyote vitoke chuoni moja kwa moja vikiwa na mhuri. Chuo kimebadilisha mtaala tangu uhitimu, mkuu wa idara aliyekufundisha amestaafu, na ofisi ya taaluma haijibu baruapepe. Baraza la kwenu nalo linatakiwa kutuma cheti cha mwenendo mzuri wa kitaaluma, na cheti hicho hakikai muda mrefu kabla ya kuhesabiwa kimepitwa. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS matokeo yake ni ya miaka 2. Kwa hiyo unapokamilisha karatasi moja, nyingine inakufia mkononi. HCPC wanataka wastani wa 7 bila sehemu yoyote kushuka chini ya 6.5, mtu aliyeshayafikisha anarudia na kulipa upya kwa sababu chuo kilichelewa kugonga mhuri. Tangu lini uzembe wa ofisi nyingine ukamsahaulisha mtu lugha?

Na wakati karatasi zinazunguka, mikono inalala. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mabaraza yenyewe yanakubali kwamba ujuzi usiotumika hupungua. Uingereza, aliyekaa nje ya fani miaka 2 hadi 5 anatakiwa siku 30 za kujinoa kabla ya kurudi kwenye orodha, na aliyepita miaka 5 anatakiwa siku 60. Wanalijua hilo! Halafu mfumo uleule unamchukua mtu aliyekuwa kazini, unamweka kwenye kusukuma vitanda, na mwishowe unamuuliza mbona hana uzoefu wa karibuni. Uzoefu wangu wa karibuni mmeuzuia ninyi.

Kuna wanaosema uzoefu wa nje haulingani na wa kwao. Twende taratibu. Liniaki niliyoifanyia kazi imetengenezwa na kampuni ya Varian, na zinazouzwa huku ni za Varian na Elekta. Dozi anayopewa mgonjwa inapimwa kwa kipimo kiitwacho grei, na mpango wa kawaida wa grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, nimeukuta huku kama nilivyouacha kule. Kiwango cha juu cha mionzi kwa mfanyakazi kinachopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, na beji ya kupimia niliivaa kule kama wanavyoivaa hawa. Tofauti zipo, nazijua: programu ya kumbukumbu za wagonjwa, sheria za ridhaa, namna ya kuripoti makosa, lugha ya kumtuliza mgonjwa anayeogopa. Hayo mtu anafundishwa akiwa kazini chini ya usimamizi. Hayahitaji kumfungia nje ya chumba cha matibabu.

Kuna upande wa pili nao unatia hasira vilevile. Wapo wenzetu waliosajiliwa haraka, na wiki za mwanzo tu wakapangiwa zamu ya usiku peke yao kwenye CT ambayo hawajawahi kuonyeshwa programu yake, katika hospitali ambayo hawajui hata simu ya dharura ni namba gani. Kosa likitokea wanaitwa mbele ya baraza, na aliyewapangia zamu hayumo kwenye barua. Ama unafungiwa nje, ama unatupwa ndani. Mafunzo ya kumpokea mtu, yale ya kukaa naye bega kwa bega mpaka aizoee mashine, hakuna anayetaka kuyalipia.

Deni sasa. Mkataba wangu una kipengele kwamba nikiondoka kabla ya muda narudisha gharama za kuniajiri: nauli, ada ya wakala, ada za maombi, na kitu walichokiita mafunzo ya utangulizi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu jambo mahususi. Kumdai mtu ada ya wakala siku anayoondoka ni kuzunguka huko. Kwa hiyo mnaojiandaa kuniambia nirudi nilikotoka, nimewajibu.

Na huko nilikotoka je? Liniaki haiendeshwi na mtu mmoja, usalama unadai angalau wawili kwenye mashine. Idara nyingi za mionzi kwenye nchi maskini zina timu ndogo mno, ukichomoa wawili zamu nzima imekufa. Zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na huduma ya tiba ya mionzi kabisa wakati Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozindua mpango wake wa kuzisaidia mwaka 2022. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani wa matibabu. Siku zikirukwa katikati, seli za uvimbe zinapata nafasi ya kuongezeka tena, na kwenye saratani za kichwa na shingo kila siku inayopotea inapunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa. Mimi nimetolewa kwenye timu ya namna hiyo, nikaletwa kukunja mashuka. Wagonjwa wa kule wamenikosa na wa huku hawajanipata.

WHO ilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa Mei 2010. Zinazihimiza nchi zisifuate watu kwenye mataifa yenye upungufu mkubwa, na zinataka anayeajiriwa apandishwe na kulipwa kwa sifa, uzoefu na wajibu wake sawa na mwenyeji. Mwaka 2023 orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa ilikuwa na mataifa 55. Lakini kanuni ni za hiari, na wakala amejifunza kusema kwamba mtu aliomba mwenyewe. Mimi nina ujumbe wake wa kwanza, tarehe iko pale juu, na wa kwanza kuandika si mimi.

Ninachodai hakihitaji tume. Sifa zipimwe mtu akiwa bado kwao na kazi yake mkononi, jibu litoke kwa maandishi, ndipo mkataba usainiwe. Mkataba utaje cheo atakachofanya na mashine atakayofanyia, na usajili ukikwama bila kosa lake, mwajiri abebe gharama na nauli ya kurudi. Mwajiri akianza kuumia yeye mfukoni, nina hakika ghafla atajifunza kusoma vigezo vya baraza kabla ya kutuma barua.

Wenye mikataba ya namna hii wekeni hapa vipengele vyenu, futeni majina na namba zote. Na kama kuna aliyewahi kukipinga kipengele cha deni mbele ya mahakama ya kazi, aseme alipitia wapi, maana muda wangu wa kuamua kubaki au kuondoka unakaribia kwisha.