Naomba ushauri: kupaka chumba cha kulia chakula kijani kitupu, mpaka darini

Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu anataka chumba cha kulia chakula tukipake kijani kilichokoza, kuta zote, mlango, hadi dari ya jipsamu. Fundi anacheka tu, anasema tutakuwa tunakula pangoni.

Rangi yenyewe naipenda. Hofu yangu ni mwanga: chumba ni kama mita 3 kwa 4, dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Tena taa zilizopo ni zile LED nyeupe pee. Tumejaribia kwenye kipande cha ubao. Chini ya taa hizo kijani kinageuka cha zahanati, ila kwa balbu ya mwanga wa njano kinatulia vizuri sana.

Fundi anashauri rangi ya silki, eti mchuzi ukiruka unafuta tu. Sawa, lakini silki inang'aa na skimu yetu (ile plasta laini ya juu ukutani) ina mawimbi, si yataonekana yote? Rangi ya mati, ile isiyong'aa, nayo vidole vya watoto vitabaki hapo hapo.

Aliyewahi kupaka chumba kizima rangi nzito, dari uliiacha nyeupe au uliipaka pia? Na meza ya mninga itapotea humo? Picha ruksa.