Mjadala: Je, Ukristo ulimwibia Mithras?

Ndugu zangu, naomba hili tulizungumze kwa utulivu, maana limeshagombanisha watu wengi, wa kwetu wakiwemo.

Kila Desemba inapokaribia kuna orodha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na nimeisikia hata kwenye mihadhara. Inasema Mithras, mungu wa Warumi mwenye jina la Kiajemi, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi 12, akafa, akafufuka siku ya tatu, na kwamba kanisa lilichukua yote hayo likabadilisha jina tu. Kwenye grupu la ukoo wetu orodha hiyo ilimtoa shangazi, na hajarudi hadi leo. Mimi nikaamua kuifuatilia, kipengele kwa kipengele. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: orodha hiyo karibu yote ni uongo. Lakini na sisi tunaojibu kwamba hakuna chochote kilichofanana, hatusemi kweli.

Mithras hakuwa na mama. Sanamu zake zinamwonyesha akichomoza kwenye mwamba, kisu mkono huu, mwenge mkono ule. Anayekufa kwenye picha zake ni fahali. Mithras ndiye amempigia goti mgongoni na kumchoma kisu. Hakuna picha wala andiko linaloonyesha yeye mwenyewe akifa, sasa atafufuka vipi? Hao "wanafunzi 12" ni alama 12 za nyota zilizochongwa kumzunguka, zile zile za Punda, Ng'ombe na Mapacha ambazo watu husomewa redioni. Na tarehe 25 Desemba? Ushahidi unaotegemewa ni kalenda ya Roma ya mwaka 354 BK, inayoandika siku hiyo kuwa ni kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Anayetajwa kwa sifa hiyo ni Jua, ambalo Kaisari Aurelian alilijengea hekalu mwaka 274. Ni kweli Mithras naye aliitwa Jua Lisiloshindwa, lakini jina lake halimo kwenye kalenda hiyo. Na kitabu hicho hicho cha mwaka 354, kwenye ukurasa mwingine, kinaandika kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu siku hiyo hiyo.

Halafu kuna suala la nani alitangulia. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mkate na kikombe yapata mwaka 54 BK. Mabaki ya zamani kabisa ya ibada ya Mithras katika dola ya Kirumi ni ya mwishoni mwa karne ya 1.

Nawatendea haki wenzangu wa upande wa pili, wana hoja moja yenye uzito. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaandika kwamba maharamia wa Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo) waliopigwa na Pompey, jemadari wa Roma, mwaka 67 KK walikuwa na ibada za siri za Mithras, na Kilikia ndiko uliko Tarso, mji wa Paulo. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Lakini Plutarch aliandika zaidi ya miaka 150 baada ya maharamia hao. Na sarafu ya Tarso yenye picha ya Mithras akimchinja fahali, ambayo huletwa kama ushahidi, ilipigwa wakati wa Kaisari Gordian wa Tatu, kati ya 238 na 244 BK. Paulo alikuwa amekufa karibu miaka 180 kabla yake.

Sasa upande wetu. Aliyeona kufanana huku mapema alikuwa Mkristo. Justin, aliyeuawa kwa imani yake mjini Roma, aliandika katikati ya karne ya 2 kwamba wafuasi wa Mithras huweka mkate na kikombe cha maji mbele ya mtu anayeingizwa kwenye ibada yao, na kusema maneno juu yake, na kwamba hayo ni mashetani kuiga Chakula cha Bwana. Miaka kama 50 baadaye Tertullian wa Karthago, naye mwandishi Mkristo, akaongeza kuwa Mithras huwatia askari wake alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo shutuma ya wizi tunaisoma kwanza kutoka kwa Mkristo, dhidi ya watu wa Mithras. Anayesema hawakufanana kabisa, anabishana na Justin.

Mahali panaponifanya nielewe zaidi ni kanisa la San Clemente, Roma. Juu kuna kanisa la karne ya 12. Ukishuka ngazi unakuta kanisa jingine la karne ya 4. Shuka tena, unafika kwenye chumba chenye dari la mviringo kama pango, mabenchi ya mawe pande mbili, katikati jiwe la madhabahu lenye Mithras na fahali wake, na maji yanasikika yakipita chini. Wanaume wachache wangetosha pale, wamejinyoosha kwenye mabenchi, wanakula. Kwenye mapango kama hayo wachimbaji hukuta mifupa mingi ya kuku. Kule Ostia, bandari ya kale ya Roma, sakafu ya pango moja imepambwa ngazi ya daraja saba, kutoka Kunguru chini hadi Baba juu, kila daraja na alama zake. Kunguru, kofia ya chuma, mwenge, fimbo. Mtu alipanda moja moja, na aliyeyaona hakuyasimulia, kama mtu aliyetoka jandoni. Askari, watoza ushuru, watumwa na walioachwa huru walikaa benchi moja. Wanawake hawakuingia.

Roma hiyo hiyo ilikuwa na watu wa Isis, mungu wa kike wa Misri, na huko wanawake waliingia. Apuleius, Mwafrika wa Madauros, Algeria ya leo, kwenye hadithi yake anatuonyesha mtu akioshwa, akifunga nyama na divai siku kumi, akivishwa kitani, kisha usiku anafika mpaka wa mauti na kuliona jua liking'aa saa sita za usiku. Baadaye mtu huyo anauza hata nguo zake ili alipie kuingizwa tena. Wakristo nao walibatiza usiku wa kuamkia Pasaka, wakawavisha wapya nguo nyeupe, na asiyebatizwa alitolewa nje kabla ya mkate kumegwa. Hawakuhitaji kuibiana. Waliishi mtaa mmoja, wakioga kwenye bafu zile zile, na maji, mkate, mwanga na siri vilikuwa lugha ya kila mtu.

Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni mlango wa kutokea. Praetextatus, mkuu wa Kirumi aliyekufa mwaka 384, alikuwa kuhani wa Jua, ameingizwa kwenye ibada ya siri ya Wagiriki kule Eleusis, na ni Baba wa Mababa kwa Mithras, yote kwa pamoja, na mkewe Paulina akajivunia hayo kwenye jiwe la kumbukumbu. Mtu wa Mithras aliweza kwenda kwa Isis kesho yake bila kuulizwa. Aliyebatizwa alitakiwa kuwaacha wote, na kwa kukataa kumfukizia Kaisari ubani wengine walikufa.

Nimemaliza ya kwangu. Anayeishikilia ile orodha alete kitu kimoja: jiwe, sarafu au andiko la kabla ya Paulo, lenye Mithras akifa na kufufuka. Na Mkristo anayesema hakukuwa na lolote, atueleze Justin alikuwa analalamikia nini. Karibuni.