Nitajieni rekodi moja ya blues au rock ambayo unasikia mahali ilipopigwa

FundiSpika_Mwanza

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa spika na amplifaya hapa Mwanza. Nasuka koili zilizoungua, nabadilisha karatasi, nabandika mpira wa pembeni uliooza. Spika ikishapona, sharti niipigie kitu nisikilize kabla mwenyewe hajaifuata. Wenzangu wengi wanajaribia singeli, na siwalaumu, maana besi ya singeli inaumbua koili mbovu haraka. Mimi najaribia "Boogie Chillen'" ya John Lee Hooker, iliyorekodiwa Detroit mwaka 1948. Wateja hushangaa: besi hamna, dramu hamna. Yupo mtu mmoja, gitaa la umeme, na mguu wake.

Mguu huo ndio ulionileta hapa. Hooker alikuwa ametoka Mississippi kutafuta maisha kaskazini. Mchana kazi za kiwandani, usiku gitaa kwenye vilabu vya watu weusi vya Hastings Street. Siku ya kurekodi, Bernard Besman aliyesimamia kazi ile alimwekea ubao chini ya kiatu na kutega maikrofoni ili kishindo kiingie kama chombo kamili. Gitaa lenyewe halihami kodi. Blues nyingi huenda kwa mzunguko wa vipimo kumi na viwili, zinahama zinarudi; huyu amesimama palepale mwanzo hadi mwisho na bado hukai kwenye kiti. Mwaka 1949 wimbo ule ulishika namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi Marekani. Spika mbovu inakupa kishindo tu. Spika nzima inakupa kiatu, inakupa ubao, inakupa na sakafu iliyo chini ya ubao.

Sasa naomba hivi. Kila mmoja anipe rekodi moja, ya blues au ya rock iliyotoka kwenye tumbo la blues, ambayo ukiisikiliza kwa makini unasikia mahali: ukumbi, chumba, hali ya hewa, watu. Halafu uniambie nisikilize wapi. Msinimwagie majina ya bendi, orodha zimejaa kila kona. Ninataka sababu.

Natanguliza ya kwangu ya pili. B.B. King, "Live at the Regal". Ilinaswa tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, kusini mwa Chicago, mbele ya watu weusi waliomjua kama mtu wa nyumbani. Nendeni kwenye "How Blue Can You Get". Kuna sehemu bendi inapiga pigo moja, inanyamaza, pigo moja, inanyamaza, na B.B. katika ule ukimya anamsomea mwanamke hesabu ya aliyompa. Gari jipya, akataka la kifahari zaidi. Chakula cha dola 10, akashukuru kwa vitafunio. Nyumba ya ghorofani, akaiita kibanda. Watoto saba, na sasa anataka kuwarudisha. Kwenye hao watoto, ukumbi unalipuka! Sauti za kina mama zinapanda juu kabisa, na twita, ile spika ndogo ya sauti kali, ikiwa imechoka zote zinageuka mvumo mmoja. Ikiwa nzima unawatenganisha, huyu wa karibu na jukwaa, yule wa nyuma. Nimesikiliza pale mara nyingi mno na bado nywele zinasimama.

Haya, uwanja ni wenu.

Dramu_Nakuru

Fundi, salamu kutoka Nakuru. Napiga dramu kanisani, kwa hivyo naenda moja kwa moja kwa dramu.

Led Zeppelin, "When the Levee Breaks", 1971. Sikiliza sekunde za kwanza tu, kabla harmonika haijaingia. Bendi ilikuwa imehamia jumba la zamani huko Hampshire, Uingereza, linaloitwa Headley Grange. Dramu za John Bonham ziliwekwa kwenye sebule ya mlangoni, chini ya ngazi zinazopanda hadi ghorofa za juu. Mhandisi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kule kwenye ngazi. Ngoma ya mguu haikuwekewa yake. Kwa hivyo unachosikia si ngoma pekee. Unasikia sauti imegonga kuta, imepanda ngazi, ndipo ikafika. Kanisani kwetu kila ngoma ina maikrofoni yake na bado hatujaupata uzito ule, na mimi naamini ni kwa sababu tunaogopa umbali. Tunataka kila kitu kiwe puani.

Lakini nataka kuwa mkweli kwako. Si ngazi peke yake. Andy Johns alipitisha sauti ile kwenye mashine ya mwangwi, halafu wimbo wenyewe ulipunguzwa kasi baada ya kurekodiwa, ndiyo maana unavuta miguu hivyo. Mahali pamesaidiwa na mkono wa mtu.

Na tafadhali, ukishamaliza, rudi nyuma hadi 1929. Wimbo ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, magitaa mawili na sauti, kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, yaliyofukuza mamia ya maelfu ya watu makwao. Pale hakuna jumba wala ngazi. Minnie anapiga gitaa vizuri kiasi kwamba maji unayaona bila msaada wa dramu yoyote. Ukiuliza ni toleo lipi ningebaki nalo, ni lile la 1929. Dramu na zikae.

FundiSpika_Mwanza

Dramu_Nakuru, ubarikiwe. Mpiga dramu kuacha dramu kwa ajili ya Memphis Minnie, hapo nimekusikia moyo.

Kuhusu mkono wa mtu, kwangu hauharibu kitu. Hata ubao wa Hooker aliuweka mtu. Ninachokataa ni rekodi ambayo kila chombo kimefungiwa chumbani kwake, halafu mwangwi wa kununua unapakwa juu kote sawasawa. Hiyo hata kwenye spika ya bei mbaya ni bapa. Headley Grange kuna nyumba ya kweli mle ndani, na mashine imeisukuma mbele tu.

Temeke_Stereo

Son House, rekodi za 1941. Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge ya Marekani alienda kumrekodi dukani, Lake Cormorant, Mississippi. Duka lilikuwa kando ya reli. Wanapiga, treni inapita, hawasimami. Imo ndani ya rekodi mpaka leo.

Mimi sina zaidi ya hilo mkuu. Vaa hedifoni, zima feni.

BiMkubwa_Ngambo

Wanangu, asalaam aleikum. Nimesoma yote na moyo wangu umefurahi, ila mmetaja wanaume watupu, na Memphis Minnie kapewa nafasi ya mlango wa nyuma. Nami nakuleteeni mwanamke mwenye gitaa lake, akae mbele.

Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas, 1915. Kakulia kanisani, na gitaa la umeme kalipiga kwa nguvu kabla ya hao vijana mnaowaita waasisi wa rock. Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day" ni wa 1944, Elvis Presley bado yu mtoto wa shule. Lakini wewe fundi umetaka mahali, basi mahali penyewe ni kituo cha treni. Wilbraham Road, Manchester, Mei 1964. Kituo kilikuwa kimekwisha fungwa kwa abiria, wakaja watu wa televisheni ya Granada wakakigeuza jukwaa. Wasanii ukingo mmoja wa reli, watazamaji ukingo wa pili, na reli yenyewe katikati. Siku hiyo Muddy Waters, mwimbaji wa blues, naye yumo.

Ikanyesha mvua, na si ya mzaha. Rosetta kaletwa kwa gari la farasi, kashuka na koti lake, akavaa gitaa jeupe la Gibson, akafungua kwa "Didn't It Rain", wimbo wa gharika ya Nabii Nuhu. Wallahi hapo ndipo ninapomwonea fahari yule mama. Mwengine angesema tungoje ikatike. Yeye kaifanya mvua iwe mwenzake. Usitazame picha mara ya kwanza, fumba macho. Sikiliza anavyolipiga lile gitaa peke yake katikati ya wimbo, sauti kali, iliyo wazi, haina pa kujificha kwa kuwa hakuna dari wala ukuta. Kisha sikiliza makofi yanatoka upande wa pili wa reli, mbali kidogo, vijana wa Kiingereza waliolowa chapachapa.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Unguja sitoondoka bila ya kusema hili. Taj Mahal, mtu wa blues wa Marekani, alikutana na kikundi chetu cha taarab cha Mila na Utamaduni wakatoa santuri mwaka 2005, jina lake "Mkutano". Ganuni, fidla, udi, na sauti yake nzito ya mchanga. Hiyo si jibu la swali lako, ni zawadi.

Kaka_Lushi

Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi.

Mimi ninaleta Mwenda Jean-Bosco, "Masanga", 1952. Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, leo tunaita Likasi, akamrekodi na gitaa kavu peke yake. Anaimba Kiswahili chetu cha Katanga. Hakuna studio. Hewa iliyo karibu na gitaa unaisikia, na kucha kwenye nyuzi, na mbao za gitaa lenyewe. Huwezi kuamini ni gitaa moja mpaka uone mtu anakupigia mbele ya macho.

Na huyo B.B. King wako alifika kwetu pia: Kinshasa, Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai, tamasha lililopangwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogea hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Franco alikuwemo, Tabu Ley alikuwemo, James Brown, Miriam Makeba. Uwanja si ukumbi wa Regal. Sauti inatoka inaenda zake, hairudi, na B.B. inabidi azibe nafasi ile kwa gitaa. Linganisha hizo mbili.

FundiSpika_Mwanza

Kaka_Lushi, Kinshasa nimeipokea kwa mikono miwili. Mwenda nampenda tangu utotoni, mzee wangu alikuwa na kanda yake. Lakini unamweka kwenye blues kwa njia gani?

Kaka_Lushi

Sisemi ni blues, kaka. Nasema ni jirani, na jirani anaruhusiwa kukaa barazani.

Chukua Mississippi John Hurt, rekodi za 1928. Mkulima wa Avalon, Mississippi, aliyerekodi nyimbo chache akarudi shambani, dunia ikamsahau mpaka 1963 walipomfuata kwa kusikia jina la kijiji chake ndani ya wimbo wake mwenyewe. Piga Hurt, halafu piga "Masanga" bila kusema neno. Kidole gumba kinatembea chini hakichoki, na juu nyuzi nyembamba zinaimba hadithi nyingine kabisa. Huyu alijifunza Mississippi, huyu Katanga. Hurt alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, 1963, Mwenda akapanda jukwaa la tamasha hilohilo 1969. Katikati hapo, 1966, Hurt akafa. Mimi jambo hili linaniuma kweli. Ningetoa chochote kuwasikia wamekaa benchi moja.

FundiSpika_Mwanza

Sina neno. Wote wawili wanaingia.

Bi Mkubwa, shikamoo. Jana nilikuwa na spika mbili kubwa za ukumbi wa harusi zimetoka kusukwa, nikampigia Rosetta kwa sauti ya juu kabla ya kufunga duka. Vijana wa bodaboda walikuja mpaka mlangoni. Mmoja akauliza huyo jamaa anayepiga gitaa ni nani. Nikamwonyesha simu. Alikaa akatazama mpaka mwisho, abiria anamsubiri.

Temeke_Stereo, feni nilizima. Nimeisikia treni. Kitu kilichonishika si treni yenyewe, ni kwamba Son House haongezi sauti kushindana nayo. Anaiacha ipite.

BiMkubwa_Ngambo

Marahaba mwanangu. Mwambie huyo kijana wa bodaboda aniamkie.

Sasa nami nina swali la ufundi. Spika zangu ni za marehemu mume wangu, na ule mpira wa pembeni umekuwa unga, ukigusa unabaki mkononi. Fundi wa hapa kaniambia nizitupe ninunue mpya. Nizitupe?

FundiSpika_Mwanza

Usizitupe, Bi Mkubwa, nakusihi. Mpira wa sponji huoza wenyewe hata spika isipotumika, ni hewa na unyevu, na huko pwani unaoza haraka zaidi. Karatasi ikiwa haijachanika na koili haijaungua, unabandikwa mpira mpya wa kipimo kilekile na spika inarudi kazini. Kujua koili: sukuma karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ikishuka na kupanda bila kukwaruza, ni nzima. Kwa sasa usizipige, maana karatasi bila mpira inayumba na ndiyo inayoua koili.

Nipimie upana kutoka ukingo hadi ukingo, na upana wa karatasi peke yake, uniandikie hapa. Zikishapona uanze na Rosetta kwa sauti ya chini, kisha ndiyo uwafikie akina Bonham.